Sakafu ya Chumba cha Nyuma

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mahindi.
Nilikifagia siku mbili, panya wakahama wakinung'unika,
na saruji ikajitokeza, nyekundu ya rangi ya zamani,
baridi kama sufuria ya jana.
Nikaiangushia chuma cha kilo kumi
nijue tabia yake.
Ikanijibu kwa mlio uliomwamsha baba
na kovu jeupe, upana wa shilingi.

Basi nikaingia Kakamega kutafuta cha kuitandikia.

Muuza vigae alinipa kimoja nikishike.
Kiling'aa, nikajiona kidevu.
Na jasho likikidondokea? nikamuuliza.
Akasema, dada, hicho ni cha kupendeza wageni.
Goti langu la kushoto lilimwelewa kabla yangu.

Mbao? Kwetu Lurambi mchwa huzisoma mbao
ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho
wakakuachia jalada.
Zulia hunywa jasho, wala halisahau.
Nilijaribu hata vigodoro vya watoto, vile vinavyofungamana,
kila kipande na herufi yake:
nikasimama juu ya M na kilo thelathini mabegani,
M ikadidimia, ikasomeka N.
Muuzaji akacheka. Nami nikacheka, lakini nikashuka.

Nilichokitaka ni kidogo, ila kigumu kukitaja:
kitu kisichoniteleza, kisichonimeza,
kinachopokea kishindo kikakaa nacho,
kama yule shangazi unayemwambia mambo
na hayavuki kizingiti.

Ni Shitandi wa vyuma chakavu, njia ya kwenda Mumias,
aliyenifunulia turubai.
Chini yake raba nyeusi, imeviringishwa,
nene kama kidole gumba, tumboni ina kitambaa
tabaka juu ya tabaka.
"Ukanda wa kiwanda," akasema. "Huu ulikuwa unapandisha miwa."
Hakutaja kiwanda kipi. Sikuuliza.
Nikapima kwa hatua, tepu niliisahau nyumbani,
na vijana wanne wakaupakia mkokotenini
wakitukana kwa adabu.

Tuliukata kwa msumeno na maji ya sabuni.
Tuliuosha mara tatu; mara ya tatu
maji bado yalikuwa rangi ya chai.
Jua lilipougonga, nyumba nzima ikanukia molasi
na baba akatoka kitandani bila kuitwa.

Akasimama mlangoni na mkongojo wake.
Akainama, yeye ambaye soksi huvishwa,
akapapasa pale palipoungwa, mshono wa mshazari
wenye pini za chuma zilizolika vichwa.
"Hapa," akasema, "ni mimi na Mukolwe. Zamu ya usiku. Mvua.
Miwa imelundikana uwanjani, msimamizi anafoka,
na Mukolwe anahesabu pini kwa sauti ili asilale."

Huenda ni kweli. Mikanda ni mingi, mishono hufanana.
Sikumpinga.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za unene,
za goti, za kishindo, za ukuta wa jirani.
Hakusikiliza. Alivua ndara.
Akaweka mguu wa kulia, ule mzima,
akangoja
kama mtu anayetarajia kupelekwa.

"Miaka ishirini na sita," akasema,
"huu ulikuwa unakwenda, mimi nimesimama."
Kisha wa kushoto, ule mzito, ukafuata ukijikokota.
Hatua tano hadi dirishani.
Tano kurudi.

Vyuma vyangu bado vimo guniani.
Alfajiri namsikia, au tuseme simsikii:
raba haisemi kitu.
Huenda kuchungulia, nikahesabu.
Jana zilifika arobaini,
na jasho lake lilikuwa pale juu, matone matone,
halijanywewa,
nikalipangusa kwa tambara.